Maegesho ninayoyalipia Kimara, na uwanja yaliyoukalia

Gari langu linalala mchana hapa mwaka mmoja na miezi minne sasa, siku sita kwa wiki, Jumatatu mpaka Jumamosi. Ni maegesho ya mtu binafsi, upande wa ndani kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Kimara Mwisho, Dar es Salaam, mwendo wa dakika nne kwa miguu kama huna mzigo. Jina la mwenye eneo silitaji. Ninayo mazuri mengi ya kumsemea na ninalo moja zito la kumlalamikia, na hilo zito nimeshamwambia mwenyewe uso kwa uso.

Nianze na huduma, maana ndiyo mnayotaka kuijua nyie mnaokaa Suka, Temboni, Kwa Msuguri na huko ndani Saranga, ambao kila asubuhi mnapiga hesabu ile ile niliyokuwa naipiga mimi.

Ninauza vitambaa vya mapazia Kariakoo. Nyumbani ni ndani, mbali na lami, daladala hazifiki. Bodaboda mpaka Kimara Mwisho ni 1,500 asubuhi, jioni wanataka 2,000 kwa sababu wanakuona umechoka, na ukiwa na robota la kitambaa huna budi kuchukua bajaji. Kwenda na gari mpaka Kariakoo nilijaribu kwa miezi mitatu. Mafuta ya siku hayakuwahi kushuka chini ya shilingi 12,000, foleni ya Manzese ilinila saa nzima na zaidi, na nikifika Kariakoo nazunguka kutafuta pa kuliacha gari huku wateja wa asubuhi wananipita. Tangu mwendokasi ianze Mei 2016 sisi wa huku tunaweza kutoka Kimara mpaka Gerezani bila kukaa kwenye foleni ile. Basi lina njia yake katikati ya barabara, linapita Ubungo, Manzese, Magomeni na Fire wakati magari madogo yamesimama. Kilichobaki ni kile kipande cha kutoka nyumbani mpaka kituoni, na siku hizi gari langu kazi yake ni kipande hicho tu.

Bei ni 2,000 kwa siku, au 40,000 kwa mwezi ukilipa kabla ya tarehe 5. Pikipiki 500. Unalipa kwa lipa namba iliyobandikwa kwenye dirisha la kibanda cha mlinzi, au taslimu. Kwa vyovyote utaandikwa kwenye daftari kubwa la mistari: namba ya gari, saa ya kuingia, gari lililo kulia kwako na lililo kushoto, kisha unaweka sahihi. Wapo wanaonung'unika kwamba linawachelewesha. Mimi naliheshimu daftari lile. Mwezi wa saba nilirudi jioni nikakuta bampa ya nyuma imechubuliwa mpaka rangi nyeupe ya chini inaonekana. Mlinzi hakubisha wala hakusema alikuwa msalani. Alifungua ukurasa, akaweka kidole kwenye gari lililoingia nyuma yangu saa 2 kasoro robo na kutoka saa 8 mchana, akampigia mwenye gari palepale. Yule bwana alikuja kesho yake, akaangalia, akakubali, akamlipa fundi rangi 60,000. Mambo yakaisha siku ya pili bila mtu kupandisha sauti.

Geti linafunguliwa saa 11 alfajiri na kufungwa saa 4 usiku. Mlinzi wa mchana ni mzee wa watu, amestaafu kazi ya bandarini, na kazi yake anaiweza kweli. Anajua nani anatoka mapema na nani anakaa mpaka usiku, hivyo anakupanga usizibwe. Eneo hili likipangwa vizuri linaingia magari arobaini, likipangwa ovyo hayafiki thelathini, na siku anapokuwa mgonjwa tofauti unaiona kwa macho.

Kasoro zipo. Kokoto zimemwagwa nusu ya mbele tu. Masika kona ya chini inageuka bwawa, na mara mbili nimevua viatu ili kulifikia gari langu. Choo hakuna. Taa ya sola ya upande wa njia imekufa tangu Mei, na kwa sisi wanawake tunaoshuka kwenye basi saa 2 usiku, kichochoro kile ni kirefu kuliko kilivyo. Mzee hutoka mpaka kwenye kona na tochi yake akitusubiri, kwa hiari yake, na mimi namshukuru kwa hilo, lakini hiyo ni kazi ya taa. Mwenye eneo abadilishe betri.

Kwa huduma ya gari, basi, nampa nne kati ya tano, na ningetoa nne na nusu taa ingekuwa inawaka.

Sasa niseme la geti.

Ukifika utaona geti ni mnyororo uliofungwa kati ya nguzo mbili za mkaratusi, na juu yake kuna mti mwembamba wa kulala, ambao bango la bei limepigiliwa misumari katikati. Mgeni ataona geti la kawaida la watu wasio na fedha ya kununulia geti la chuma. Sisi tuliokaa hapa tunalijua. Lile ni goli. Nguzo ya kushoto ina alama za kisu, mistari kumi na moja, kila mstari ni mtoto aliyepimwa urefu pale, na mstari wa sita kutoka chini ni wa mwanangu mkubwa alipokuwa darasa la tatu. Goli la pili lilikatwa. Kisiki chake kilibaki karibu na ukuta wa nyuma, na kila mwezi kulikuwa na gari lililokikanyaga.

Eneo hili lilikuwa uwanja. Asubuhi watoto wadogo, mchana rede ya wasichana, jioni chandimu mpaka mpira usionekane, na nyuma ya mwembe kombolela ambayo kelele zake zilikuwa zinafika jikoni kwangu. Mwembe ulikatwa siku waliyoleta greda. Na hapakuwa pa watoto peke yao. Msiba ukitokea, turubai lilifungwa hapa, wanaume upande wa mwembe, wanawake na majiko upande wa ukuta. Siku hizi msiba ukitokea turubai linafungwa barabarani. Mwaka huu nimeshuhudia gari la kubeba mwili likishindwa kufika mlangoni kwa sababu turubai la msiba huohuo limeziba njia, jeneza likabebwa mabegani kupita katikati ya magari yaliyopakiwa pande zote mbili.

Nataka niwe mkweli kuhusu haki. Uwanja ule haukuwahi kuwa wa mtaa kwa karatasi. Ulikuwa wa mzee mmoja aliyenunua shamba hapa zamani, akaacha kipande kile wazi kwa sababu alipenda kuona watoto wakicheza. Alipofariki, warithi wakagawana, na kipande kikauzwa. Aliyenunua alilipa fedha yake kihalali. Angeweza kujenga apatimenti kama wengine, akaona magari yanaanza kurundikana njiani karibu na kituo, akaamua kuweka maegesho. Kwa upande mmoja ametusaidia: magari arobaini yangekuwa yamezagaa kwenye vichochoro, na baadhi yangekuwa mbele ya geti langu.

Kosa ni la zamani zaidi, na sisi wenyeji tumo. Kimara tulijenga kwanza, wapimaji wakaja baadaye. Zoezi la urasimishaji, yaani kupima na kuyatambua rasmi makazi yaliyojengwa bila mpango, lilipofika kwetu, tuliitwa mkutano wa mtaa, ramani ikabandikwa ukutani: namba za viwanja, mistari ya njia, vigingi. Kila mmoja aliombwa amege ardhi kidogo barabara ipite. Nilikuwepo mkutano ule. Nilizozana karibu nusu saa nzima kuhusu mita moja ya ukuta wangu upande wa choo. Ramani yote haikuwa na kipande hata kimoja cha watoto kuchezea, na mimi, niliyekuwa na mtoto anayerudi nyumbani kila jioni na vumbi la uwanja ule mpaka kwenye nyusi, sikuuliza. Hakuuliza mtu. Uwanja ulikuwepo, tulidhani utaendelea kuwepo.

Tangu hapo watu wameongezeka kwa namna ambayo macho yanaona kabla ya takwimu. Sensa ya 2022 iliihesabu wilaya ya Ubungo watu 1,086,912, yaani mtu mmoja kati ya kila watano wa Dar es Salaam anakaa wilaya hii. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro zilibomolewa kupisha upanuzi kuanzia Kimara kwenda Kibaha, na wengi wa waliobomolewa hawakuhama mbali: waliingia ndani, wakanunua vipande, wakapanga, wakajenga nyuma ya ndugu zao. Kisha barabara ikapanuliwa kuwa ya njia nane, daraja la Kijazi pale Ubungo likafunguliwa Februari 2021, na siku ileile stendi kuu ya mabasi ya mikoani ya Magufuli ikafunguliwa Mbezi. Ardhi ya huku ikapanda bei. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini kilichokuwa na nyumba moja, miembe miwili na banda la kuku sasa kina apatimenti nne, au vyumba nane vya self vilivyopangana kama mabehewa. Wapangaji wake ni vijana wenye kazi mjini, na wengi wana gari. Mwenye nyumba ameweka geti zuri, tangi la maji, luku ya kila mmoja, lakini mahali pa gari hajaweka, kwa sababu mahali pa gari ni chumba kimoja cha kodi kilichopotea.

Nyumba hizo sizichukii. Zinanilisha. Apatimenti ya vyumba viwili na sebule inanunua kwangu mita ishirini za pazia zito na kama hizo za shea, lile jepesi la kupitisha mwanga, na mwaka uliopita nusu ya mauzo yangu ilitoka kwa watu waliohamia njia hii hii ya Morogoro. Nimeingia kwenye nyumba nyingi mpya nikipima madirisha. Ndiyo sababu najua kitu ambacho labda mwingine haoni: ukisimama kwenye dirisha la sebule ukiwa na futi mkononi, mbele yako ni ukuta wa jirani. Ukienda la chumbani, ukuta. Mama wa nyumba ananiuliza, dada, nichukue rangi gani itakayoleta mwanga? Na mtoto yupo kochini na simu, saa 10 jioni, saa ambayo mwanangu wa kwanza nilikuwa namwita mara tatu ndipo arudi.

Binti yangu mdogo ana miaka tisa. Yeye uwanja ule hajaujua. Anacheza na wenzake njiani, kati ya magari yaliyopakiwa kushoto na yaliyopakiwa kulia, na bodaboda zinapita katikati. Wana neno lao, wakiona pikipiki inakuja mmoja anapiga kelele "chuma!" na wote wanajibana kwenye milango ya magari. Nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni sehemu ya mchezo. Mwezi wa nne mwenzake mmoja alichelewa kujibana. Mguu umepona, lakini mama yake hamruhusu tena kutoka nje ya geti, na nikipita namwona ameshika nondo za dirisha akiangalia wenzake.

Tumewahi kuwapeleka JMK Park, pale Kidongo Chekundu karibu na Mnazi Mmoja. Ni mahali pazuri, pamefunguliwa tangu 2015, pana viwanja vya kueleweka, na binti yangu alirudi akiwa amelala begani mwangu kwenye basi kuanzia Magomeni. Lakini hiyo ni safari ya kupanga, ni nauli ya kwenda na kurudi, ni Jumapili nzima. Mtoto anahitaji mahali anapoweza kwenda kwa miguu yake baada ya kuvua sare ya shule na kurudi chakula kikiiva.

Kilichonifanya niandike ni Jumamosi moja mwezi uliopita. Nilirudi mapema, mzigo ulikwisha. Nikaingia kibandani kusaini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama mapazia. Leo jua bado liko juu umesharudi?"

Nikainua macho kutafuta kalamu, nikaona rafu aliyoitengeneza kwa mbao za paleti ya mizigo. Juu yake mipira saba. Minne ya nailoni na kamba, iliyosukwa kwa mikono, mmoja mkubwa umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Miwili ya plastiki ya dukani. Mmoja wa ngozi, umechakaa lakini una upepo.

"Hii ya nani, mzee?"

"Ya watoto. Inaruka ukuta inagonga magari yenu. Tajiri amesema nisiwarudishie, wakirudishiwa watazoea."

"Na wao wanasemaje?"

Alikaa kimya kidogo. "Huo wa ngozi, mwenyewe alikuja siku nne mfululizo. Anasimama hapo getini, hasemi kitu, ananiamkia tu. Siku ya tano hakuja."

Mzee ana wajukuu. Nilimwona anavyoipanga mipira ile, iliyo mizuri mbele, kama mtu anayetunza amana. Sikumlaumu. Nilisaini, nikatoka, nikakaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuliwasha, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kwamba gari lililogongwa mara ya mwisho ni langu, na niliyelalamika kuhusu saiti mira iliyopasuka ni mimi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kuhesabu. Magari matano. Jumapili ya pili, matatu. Ya tatu, sita, kwa sababu kulikuwa na harusi. Eneo lenye nafasi ya magari arobaini, siku nzima, limefungwa mnyororo na lina magari matano, na nje ya ukuta watoto wanapiga kelele "chuma!"

Nikamfuata mwenye eneo nyumbani kwake. Alinipokea vizuri, soda ililetwa. Nikamwambia: Jumapili, kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 12 jioni, fungua. Magari machache yanayokuja yapangwe upande wa ukuta wa kulia, na ile kamba ya katani ifungwe kuyatenga. Kisiki cha goli la pili king'olewe, maana hata magari kinayaumiza. Wazazi wawili wakae pale zamu kwa zamu. Kioo kikipasuka, mzazi wa mtoto alipe. Akaniuliza, na mzazi akikataa? Nikamjibu, mimi nitalipa kwanza halafu nitadaiana na mzazi mwenzangu, maana naye ananijua. Akasema nimletee majina ya wazazi waliokubali, kwa maandishi, na sahihi. Ninayo majina ishirini na sita. Kumi na tisa ni ya wapangaji wa nyumba mpya, watu ambao mwaka jana nilikuwa nawaita wageni.

Hilo ni la Jumapili, na ni dogo. Kubwa nimelipeleka serikali ya mtaa: kabla kipande kingine kilichobaki wazi hakijauzwa, mtaa ukinunue kwa michango yetu na kiandikwe kwa jina la mtaa, hata kama ni nusu ya hiki. Wapo waliosema fedha haitapatikana. Barabara yetu ya moramu tuliichangia wenyewe, na kila msiba tunachanga. Mwenyekiti amekubali liwe ajenda ya mkutano ujao, na wenye nyumba za kupangisha wameitwa kwa barua, kwa sababu wao ndio wanaoleta watoto na magari kwa pamoja, na wana haki ya kusikilizwa kabla ya kuambiwa wachange.

Kwa anayetaka kupaki: njoo kabla ya saa 1 na nusu asubuhi, baada ya hapo nafasi zenye kokoto zimekwisha. Masika usikubali kupangwa kona ya chini. Lipa kwa simu upate ujumbe, na daftari usaini vilevile. Jumapili, ukija, omba nafasi upande wa kulia kwenye ukuta, hata kama kati hapana gari hata moja. Mzee ameshang'oa kisiki, alifanya mwenyewe na sururu Jumatano jioni. Mpira wa ngozi bado uko kwenye rafu, na kama unamjua mtoto wa kiume wa miaka kama kumi na moja, mwembamba, anayeamkia watu bila kusema kitu kingine, mwambie arudi getini.